Abercorn, Berlin, Tokyo au Dhaka: uchague hafla ipi ya kusalimu amri?

Mwalimu wa historia ana vipindi viwili tu. Mwanafunzi ametakiwa achague tukio moja la kuandikia insha ndefu. Mtayarishaji wa redio amepewa nusu saa. Wote watatu wanataka kueleza jambo lilelile, yaani namna vita vinavyofungwa rasmi, pale jemadari aliyeshindwa anapotia saini mbele ya aliyemshinda. Na wote hukwama palepale, maana hafla za aina hiyo ni nyingi na kila moja ina mvuto wake.

Hapa nimechukua nne. Ya kwanza ni Abercorn, 25 Novemba 1918, ambako jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki liliweka silaha chini. Ya pili ni Reims na Berlin, Mei 1945, ambako Ujerumani ilisalimu amri, nazo nazihesabu kuwa moja kwa sababu huwezi kuieleza hii ukaiacha ile. Ya tatu ni Ghuba ya Tokyo, 2 Septemba 1945, ambako Japani ilisalimu amri. Ya nne ni Dhaka, 16 Desemba 1971, ambako jeshi la Pakistan lilisalimu amri kwa majeshi ya India na Bangladesh.

Nitazipima zote kwa mambo matano: jukwaa lilivyopangwa, waliokuwa mezani na wasiokuwepo, hati yenyewe inasemaje, walioshindwa walitendewaje siku ile na baadaye, na ushahidi ulioachwa. Kigezo cha pili nakipa uzito kuliko vyote. Hafla ya kusalimu amri huandaliwa ili ionekane, na anayepanga nani aonekane ndiye pia anayeamua nani asahaulike.

Jukwaa

Ghuba ya Tokyo haina mfano kwa maandalizi. Manowari ya USS Missouri ilitia nanga, na shughuli ikaanza baada tu ya saa tatu asubuhi. Ukutani, mbele ya macho ya wajumbe wa Japani, iliwekwa bendera ya Marekani yenye nyota 31, ileile ambayo Commodore Matthew Perry aliingia nayo ghuba hiyo mwaka 1853. Ilisafirishwa kutoka chuo cha wanamaji cha Annapolis kwa ajili ya siku hiyo. Wapiga picha na mabaharia walijaa kila penye nafasi, hadi juu ya mizinga ya meli. Dakika 23 zikatosha, na mwishoni mamia ya ndege za kivita zikapita juu.

Pamoja na maandalizi yote hayo, meza ilileta taabu. Waingereza walikuwa wametoa meza nzuri ya mkangazi kutoka manowari yao ya King George V. Hati zilipofika, zikaonekana ni kubwa kuliko meza. Mabaharia wakaenda mbio kuchukua meza ya kulia chakula, wakaifunika kitambaa cha kijani. Vita vya Pasifiki vilifungwa juu ya meza ile. Mwalimu akiwa na picha moja tu ya kuonyesha darasani, aonyeshe hiyo meza.

Dhaka ilikuwa kinyume kabisa. Muda wa kupanga haukuwepo: Meja Jenerali J.F.R. Jacob wa India aliingia mjini siku ileile akiwa na rasimu ya hati. Ikatafutwa meza ya kawaida na viti viwili, vikawekwa katikati ya uwanja wa mbio za farasi wa Ramna, umati ukiwa umezunguka. Uwanja wenyewe ulikuwa na maana yake. Tarehe 7 Machi mwaka huohuo, Sheikh Mujibur Rahman, kiongozi wa Wabengali, alikuwa amewahutubia hapohapo akiwataka wajiandae kwa mapambano ya uhuru. Miezi tisa baadaye jeshi la Pakistan lililotumwa kuwanyamazisha likasalimu amri mbele yao, mchana kweupe.

Reims haikuwa na umati. Saa 8:41 usiku wa kuamkia 7 Mei 1945, Jenerali Alfred Jodl alitia saini katika chumba cha ramani, ndani ya shule ya matofali mekundu iliyokuwa makao makuu ya Eisenhower, kamanda wa majeshi ya Washirika (nchi zilizopigana na Ujerumani) Ulaya Magharibi. Usiku wa kuamkia 9 Mei, mjini Berlin, kazi ilirudiwa katika bwalo la maofisa la chuo cha wahandisi wa jeshi huko Karlshorst. Safari hii bendera za washindi zilipangwa, na ya Ufaransa ikabidi ishonwe haraka kwa kuwa hapakuwa na iliyo tayari.

Abercorn ilikuwa kituo kidogo cha utawala cha Rhodesia ya Kaskazini. Leo ni Mbala, nchini Zambia. Palikuwa na bendera ya Uingereza mlingotini, askari wa King's African Rifles, kikosi cha Waingereza cha Afrika Mashariki, wamepanga mstari, na safu ndefu ya watu waliochoka ikiingia kutoka kusini. Hakuna zaidi.

Waliokuwa mezani, na wasiokuwepo

Tuanze na Wajerumani wa 1945, maana jambo hili lilipimwa kwao kwa makini kuliko kwingine. Mwaka 1918 aliyeongoza ujumbe wa Ujerumani kutia saini ya kusitisha mapigano alikuwa raia, mwanasiasa Matthias Erzberger. Majenerali waliobeba vita miaka minne walikaa pembeni, kisha uzushi ukaenea kwamba jeshi halikushindwa bali lilisalitiwa na wanasiasa. Erzberger aliuawa Agosti 1921. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini mwaka 1945 saini ziliwekwa na wanajeshi watupu: Jodl huko Reims, na huko Karlshorst Fildimashali Wilhelm Keitel, Admirali Hans-Georg von Friedeburg na Jenerali Hans-Jürgen Stumpff, mmoja kwa kila tawi la jeshi. Hakuna aliyeweza tena kudai kwamba jeshi halikuwepo.

Na kwa nini kutia saini mara mbili? Reims alikuwepo mjumbe wa Kisovieti, Jenerali Ivan Susloparov, akatia saini pamoja na Walter Bedell Smith aliyemwakilisha Eisenhower. Lakini Stalin hakukubali kwamba vita vilivyogharimu nchi yake mamilioni ya watu vifungwe katika shule nchini Ufaransa, mbele ya mjumbe wa cheo cha chini. Akataka Berlin, na akataka jemadari wake Zhukov. Eisenhower mwenyewe hakukaa mezani popote. Reims, Jodl alipelekwa ofisini kwake baada ya saini kuulizwa kama ameelewa masharti.

Tokyo ilifuata hesabu nyingine. Japani ilitakiwa ilete watu wawili: Waziri wa Mambo ya Nje Mamoru Shigemitsu, aliyetia saini kwa niaba ya Mfalme Mkuu na serikali, na Jenerali Yoshijiro Umezu kwa niaba ya makao makuu ya jeshi. Serikali na jeshi wakafungwa kwa karatasi moja. Aliyekosekana ni Hirohito mwenyewe, na hakukosekana kwa bahati. Alikuwa amekwisha kutangaza kwa redio tarehe 15 Agosti, na Wamarekani walikusudia kumtumia kuituliza nchi. Kumsimamisha kwenye sitaha ya meli kungeliharibu kusudio hilo.

Mtazame Shigemitsu kwa karibu. Mguu wake wa kulia ulikatwa baada ya shambulio la bomu huko Shanghai mwaka 1932, kwa hiyo alipanda meli kwa mguu wa bandia na mkongojo. Mezani akahangaika na kofia, glovu na fimbo, akaonekana hajui atie saini wapi, mpaka Jenerali MacArthur wa Marekani, Kamanda Mkuu wa Washirika, akamwamuru msaidizi wake Jenerali Sutherland amwonyeshe. Nyuma ya MacArthur walisimama watu wawili waliokonda: Jonathan Wainwright, aliyesalimu amri Ufilipino mwaka 1942, na Arthur Percival, aliyesalimu amri Singapore mwaka huohuo. Walikuwa wametoka kifungoni kwa Wajapani muda mfupi tu. MacArthur alitumia kalamu kadhaa, na mbili za mwanzo akawapa hao.

Kwa Dhaka, orodha ya wasiokuwepo ina uzito kuliko ya waliokuwepo. Mezani walikaa Luteni Jenerali Jagjit Singh Aurora wa India na Luteni Jenerali A.A.K. Niazi wa Pakistan. Nchi iliyokuwa inazaliwa ni Bangladesh, lakini kamanda wa majeshi yake, M.A.G. Osmani, hakuwepo. Aliyesimama kwa niaba yake ni A.K. Khandker, na hakutia saini. Sheikh Mujib alikuwa gerezani Pakistan na hakurudi hadi 10 Januari 1972. Wabengali wengi wanalikumbuka hilo kwa uchungu, na nadhani wana haki. Hata hivyo hati inamtaja Aurora kuwa kamanda wa majeshi ya India na ya Bangladesh katika upande wa mashariki, na hilo lisipuuzwe na anayetaka kusema India ilijichukulia ushindi peke yake.

Abercorn haikuwa na meza ya kukumbukwa. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisimama mbele ya bendera, akatoa heshima, akasoma tamko lake kwa Kijerumani kisha kwa Kiingereza, na Brigedia Jenerali W.F.S. Edwards akalipokea kwa jina la Mfalme George wa Tano. Heinrich Schnee, gavana wa koloni la Wajerumani, alikuwepo pia. Lakini hesabu watu. Wazungu walikuwa 155. Askari Waafrika walikuwa 1,168. Nyuma yao walikuwa wapagazi zaidi ya 1,500 na mamia ya wanawake waliotembea na jeshi lile kupita Msumbiji na kurudi. Wingi wa watu waliosalimu amri siku ile ulikuwa wa Waafrika, na hakuna hata mmoja wao aliyepewa nafasi ya kusema neno.

Hati

Hati ya Tokyo ni fupi na haina kona: majeshi yote ya Japani yanasalimu amri bila masharti, na mamlaka ya Mfalme Mkuu na serikali yanakuwa chini ya Kamanda Mkuu wa Washirika. Nakala zilikuwa mbili. Katika ile ya Japani, Kanali Cosgrave wa Kanada aliruka mstari akatia saini chini ya mahali pake. Waliomfuata wakasogea, na mjumbe wa New Zealand akakosa mstari kabisa. Wajapani walipolalamika, Sutherland akakata majina kwa kalamu na kuyaandika upya kwa mkono. Karatasi iko hivyo hadi leo.

Hati ya Reims ina kifungu kinachofaa kusomwa darasani neno kwa neno, kile kinachosema hati hii haitazuia hati nyingine ya jumla kuchukua nafasi yake. Kifungu hicho ndicho kilichofungua mlango wa Karlshorst. Zote mbili zilitaka mapigano yakome saa 5:01 usiku wa 8 Mei kwa saa za Ulaya ya kati. Moscow ilikuwa imeshaingia tarehe 9, na ndiyo sababu hadi sasa Warusi husherehekea siku moja baada ya Ulaya Magharibi.

Ya Dhaka ilitiwa saini saa 10:31 jioni kwa saa za India. Inaahidi kwamba wanajeshi watakaosalimu amri watatendewa kwa heshima inayowastahili kwa mujibu wa Mikataba ya Geneva, na kwamba wageni, makabila madogo na watu wenye asili ya Pakistan Magharibi watalindwa. Katika mji uliojaa hasira ya miezi tisa ya mauaji, ahadi hiyo ilikuwa nzito.

Abercorn inazua swali la kisheria ambalo wanasheria wa vita hulipenda. Kifungu cha 17 cha makubaliano ya kusitisha mapigano ya 11 Novemba kilitaka majeshi ya Ujerumani yaondoke Afrika Mashariki, wala hakikusema yasalimu amri. Von Lettow alipata habari tarehe 13, baada ya watu wake kumkamata tarishi wa pikipiki wa Waingereza aliyebeba ujumbe, na siku iliyofuata akakutana na mwakilishi wao kwenye mto Chambeshi. Alipotakiwa aweke silaha chini alilalamika kwamba anadaiwa zaidi ya kilichoandikwa. Akatii.

Walivyotendewa walioshindwa

Abercorn ndiko kulikokuwa na upole kuliko kote, angalau kwa maofisa. Von Lettow aliruhusiwa kubaki na upanga, na Machi 1919 akapita Berlin kwa gwaride kama shujaa. Silaha zilizorundikwa chini zilisimulia vita vizima: bunduki 1,071 za Uingereza na Ureno, rashasha 37 ambazo nyingi zilikuwa za Uingereza, na mzinga mmoja wa Kireno. Jeshi lile lilikuwa likiishi kwa silaha za adui. Askari wake walipelekwa kambini Tabora, ambako homa ya mafua ya 1918 iliua wengi, na mishahara yao ya miaka wakaandikiwa vyeti tu. Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa waliobaki hai mwaka 1964. Anayemsifu von Lettow kwa kutoshindwa asome na hiyo.

Dhaka, Niazi alivua vyeo vya mabegani na kutoa bastola yake mbele ya watu. Ilikuwa aibu ya wazi. Lakini mateka wapatao 93,000, raia wakiwemo, walipelekwa India na kurudishwa kwao kufikia 1974, wakiwemo 195 ambao Bangladesh ilitaka kuwashtaki kwa makosa ya kivita. Hao hawakushtakiwa.

Kwa Wajerumani saini haikuwa kinga: Jodl na Keitel walinyongwa Nuremberg Oktoba 1946, na Friedeburg alijiua wiki mbili tu baada ya Karlshorst. Umezu alifungwa maisha, akafa 1949. Shigemitsu alifungwa miaka saba, akaachiwa mapema, akarudi kuwa waziri wa mambo ya nje, na ndiye aliyekuwepo Japani ilipoingia Umoja wa Mataifa Desemba 1956.

Ushahidi

Tokyo ina kila kitu: filamu, sauti, picha, hati, na meli yenyewe ambayo sasa ni makumbusho Pearl Harbor. Reims na Karlshorst, vyumba vyote viwili vimehifadhiwa. Dhaka ina picha moja maarufu sana na masimulizi ya makamanda yanayopingana kuhusu nani alisema nini asubuhi ile. Abercorn ina picha chache na maandishi ya maofisa wa Kizungu, na kwa wapagazi karibu hakuna kitu kilichoandikwa na wao wenyewe.

Sasa uchague ipi?

Kama una kipindi kimoja na darasa halijawahi kusikia habari hizi, chukua Tokyo. Picha zinajieleza, hati inasomeka kwa dakika tano, na wanafunzi wanaweza hata kuigiza wakiwa na meza na kitambaa cha kijani. Udhaifu wake ni kwamba imepangwa vizuri mno. Ni rahisi mtu kutoka darasani akiamini kila vita huisha kwa unadhifu ule, kwa hiyo mpe mwanafunzi kazi ya kueleza kwa nini Hirohito hakuwepo.

Anayeandika kuhusu siasa baina ya washindi, au kuhusu sheria, aende Reims na Karlshorst. Inahitaji uvumilivu, kwani lazima aanze na 1918 na Erzberger, na asipofanya hivyo zile saini mbili zitaonekana kama ubishi wa cheo tu. Haifai kwa watoto wadogo.

Dhaka inamfaa anayetaka kujadili ukombozi na swali la nani anastahili kuitwa mshindi. Ni chaguo zuri pia kwa mdahalo, kwa kuwa India, Pakistan na Bangladesh kila moja inaisimulia kivyake na pande zote tatu zina hoja. Ukiichagua, usiishie kwenye meza. Fuata wale mateka hadi 1974, na uulize familia za waliouawa zilipata nini.

Na kama una mwaka mzima wa utafiti badala ya wiki, ningekushauri Abercorn. Haifai kwa anayetaka picha nyingi au majibu ya haraka. Inamfaa mtu aliye tayari kupekua orodha za malipo, ripoti za madaktari wa kambi ya Tabora na masimulizi ya wazee yaliyokusanywa baadaye, kwa sababu habari za wale wapagazi na wanawake zimetawanyika humo. Kama unasoma Kijerumani au una mwenzako anayekisoma, anza na vyeti vya mishahara. Kama hamna anayekisoma, anza na ripoti za Waingereza za Novemba 1918 hadi Januari 1919, kabla von Lettow na wenzake hawajapanda meli Dar es Salaam.